Springi iliyovunjika haichomelewi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wenzangu, wauza spea na wenye magari kuhusu springi za magari madogo. Springi inavunjika, inapelekwa kwa mchomeleaji, inaungwa, inapigwa grainda, inapulizwa rangi nyeusi na kurudishwa chini ya gari. Kazi hiyo inafanyika mchana kweupe. Mwenye gari anashukuru kwa kuwa amelipa kidogo, na fundi haoni tatizo kwa kuwa gari limetoka gereji likiwa limesimama sawa. Springi ya namna hiyo itavunjika tena, na mara ya pili huenda gari likawa kwenye mwendo wa barabara kuu likiwa na watu watano ndani.

Magari ninayoyasemea tunayajua wote, ni ya Toyota: Corolla 110, Carina Ti, Premio, Vitz, IST. Corolla 110 ilianza kutoka kiwandani Japani mwaka 1995, na IST za umbo la kwanza zilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007. Maana yake ni kwamba springi ya kiwandani iliyobaki chini ya magari hayo ina karibu miaka 20 au zaidi ya kubonyea na kurudi. Baadhi ya magari hayo yalitembea mikoa ya Japani yenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kabla hayajapakiwa melini kuja kwetu.

Wengi hudhani springi imevunjwa na shimo moja kubwa. Shimo linamalizia tu kazi iliyoanzwa na kutu. Springi inatoka kiwandani ikiwa imefunikwa na rangi ngumu. Mchanga na kokoto ndogo hujikusanya kwenye kikombe cha chini, yaani kile kikalio cha chuma pale mzunguko wa mwisho wa springi unapokalia, na kila springi inapobonyea mchanga ule unaisaga rangi. Rangi ikishatoka, maji ya mvua yanaingia, na kwa sisi wa pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, hewa ya chumvi inaongeza. Kutu haili chuma sawasawa. Inachimba vishimo, na kishimo kimoja kinatosha kuanzisha ufa. Ndiyo maana springi nyingi hukatikia chini kabisa, kwenye mzunguko huohuo wa mwisho, mahali ambapo mtu akisimama kando ya gari haoni kitu.

Chukua kipande kilichokatika, kifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, kisha kiangalie kwenye mwanga. Utaona kimekatika kwa mshazari, kwa sababu waya wa springi unasokotwa kila unapobonyezwa. Ukingoni mwa mkatiko kuna doa la kahawia, laini, wakati mwingine halizidi chembe ya mchele. Hapo ndipo ufa ulipoanzia, na ule ukahawia unaonyesha kwamba ulikaa wazi ukipata maji kabla ya siku ya kuvunjika. Sehemu yote iliyobaki ni ya kijivu, inameremeta na ina chembechembe: hiyo imekatika kwa mpigo mmoja.

Nguvu ya kusokota huwa kubwa zaidi kwenye ngozi ya waya kuliko katikati yake. Waya wa milimita 12 ukiliwa na kutu ukabaki 11.5, mzigo unaobebwa na ile ngozi unapanda kwa karibu asilimia 14, hata kabla hatujahesabu vishimo. Kwa hiyo mkwaruzo wa patasi, alama ya klampu yenye meno au doa la moto wa welding kwenye springi nzima si jambo la kupuuza.

Sasa kuhusu kuchomelea kwenyewe. Chuma cha springi si nondo. Kina kaboni nyingi, kama asilimia 0.5 hadi 0.6, pamoja na silikoni na manganizi au kromiamu. Kiwandani hupashwa moto hadi kiwe chekundu, hupozwa ghafla, kisha hupashwa tena kwa moto wa kiasi ili kipate ugumu pamoja na uwezo wa kurudi. Ule ustadi wote uko kwenye moto. Mchomeleaji anapoweka vijiti vyake anakiyeyusha chuma kile kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,400, na pembeni mwa mshono yanatokea mambo mawili. Ukanda wa jirani unapoa haraka na kuwa mgumu kupita kiasi, unaokatika bila kupinda. Ukanda unaofuata unapata joto la kuulegeza, unapoteza ule ugumu uliotengenezwa kiwandani. Ndiyo maana springi iliyoungwa haivunjiki kwenye mshono, inavunjika milimita chache pembeni yake. Fundi anasema welding yake haikuachia, na anasema kweli. Kilichoachia ni chuma alichokiharibu kwa moto. Gereji haina tanuri wala kipimo cha kurudisha hali ile, na kijiti cha bei ghali hakibadilishi kitu. Anayepasha springi kwa gesi ili gari lishuke anafanya uharibifu uleule.

Hatari kubwa ni ncha. Kwenye magari haya springi ya mbele imezunguka shokapu, na kikombe chake kiko jirani sana na tairi. Waya ukikatika, ncha mpya ni kali na haina tena kituo chake kwenye kikombe. Inaweza kuteleza nje na kuchana ubavu wa tairi, na tairi lililochanwa ubavuni halitoi upepo polepole kama lililopigwa msumari, linapasuka. Dereva aliye kilomita 100 kwa saa kati ya Chalinze na Morogoro hana nafasi ya kurekebisha. Ncha hiyohiyo inaweza kufikia mpira wa breki au waya wa ABS, ule mfumo unaozuia tairi kujifunga wakati wa breki. Waliofunga matairi mapana kuliko ya kiwandani wamepunguza nafasi iliyokuwapo, kwa hiyo wao wako karibu zaidi na ajali.

Dalili zinajulikana mapema kwa anayetaka kuzijua. Gari linainama upande mmoja. Lisimamishe pahali tambarare, upepo wa matairi ukiwa sawa pande zote, libonyeze mbele mara tatu na uliache litulie. Pima kwa futi kutoka katikati ya hab (kitovu cha tairi) hadi ukingo wa fenda juu yake, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita chache ni ya kawaida. Ikizidi 10 tafuta sababu, na ikifika 20 usilale nayo. Dalili nyingine ni mlio wa chuma unaoruka, mmoja, mzito, wakati wa kukata kona polepole au kutoka kwenye maegesho. Huo unaweza pia kutoka kwenye beringi ya mauntini, kile kishikio cha juu cha shokapu. Kuzitofautisha, gari likiwa chini na breki ya mkono imevutwa, mtu azungushe usukani huku wewe umegusisha ncha za vidole kwa nje ya springi, usiingize vidole katikati ya mizunguko. Beringi ikiwa mbovu, springi nzima inajisokota kisha inaruka kwa kishindo. Springi ikiwa imevunjika, mruko unausikia chini kwenye kikombe.

Mlio mdogo wa haraka haraka kwenye rasta na vijishimo mara nyingi ni stabilaiza linki, kile kifimbo kinachounganisha stabilaiza na shokapu, wala hauhusiani na springi. Nalitaja hili kwa sababu watu wamebadilishiwa shokapu mbili nzima kwa kosa la linki moja.

Kuthibitisha, zungusha usukani hadi mwisho, leta tochi nyuma ya tairi, futa matope, fuata waya kwa macho kutoka juu hadi uione ncha yake ya chini. Ncha ya kiwandani imekatwa vizuri na imeegemea kituo kwenye kikombe. Ukiona ncha ya mshazari, au ncha iliyo mbali na kituo, au huioni ncha kabisa, springi imekwisha.

Likikutokea njiani, toa gari barabarani, weka pembetatu, angalia ncha iko wapi. Kama kipande cha chini tu ndicho kilichokatika, springi bado imekaa ndani ya kikombe na tairi linazunguka kwa mkono bila kukaribiana na chochote, unaweza kujikongoja kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa hadi gereji ya jirani, na si hadi nyumbani mkoa wa pili. Kama ncha iko upana wa kidole au chini ya hapo kutoka kwenye tairi, ita brekidauni inyanyue mbele. Kuifunga springi kwa mpira wa tyubu au waya wa kufungia nondo hakuishiki. Uzito unaokaa juu ya springi moja ya mbele ya magari haya ni kama kilo 300, na gari likipiga tuta unapanda maradufu.

Kubadilisha si kazi ngumu kwa mwenye vifaa. Ni kazi ya kuua kwa asiyekuwa navyo. Kifaa kikuu ni klampu za springi, jozi moja, zenye skrubu nzima na ndoano zisizopinda. Gereji inayofungua shokapu za mbele bila klampu, kwa kufunga springi na mnyororo au kwa kumwambia kijana aikalie huku mwingine akifungua nati ya katikati, inacheza na uhai wa watu. Springi iliyobanwa ndani ya shokapu ina nguvu ya kurusha mauntini hadi darini, na aliyeinama juu yake anaipokea kwa kidevu.

Utaratibu wa gari la aina ya Corolla 110 ni huu. Siku moja kabla, puliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti mbili zinazoshika mguu wa shokapu kwenye hab na kwenye nati za linki. Siku ya kazi, sakafu iwe ngumu na tambarare, tairi za nyuma ziwekewe vigingi. Legeza nati za tairi mzunguko mmoja kwa spana namba 21 gari likiwa chini, ndipo upige jeki. Weka stendi ya chuma chini ya sehemu ya bodi iliyotengenezwa kubeba jeki. Tofali la saruji lisitumike kabisa: linaonekana imara, kisha linapasuka lote kwa mara moja bila kutoa onyo.

Toa tairi. Fungua kibanio cha mpira wa breki na cha waya wa ABS kwenye mguu wa shokapu. Kama linki imefungwa kwenye shokapu, ifungue huku umeshika katikati yake kwa alenki, namba 5 au 6, vinginevyo boli yake inazunguka pamoja na nati na utaishia kukata. Chora alama kwa rangi pale mguu wa shokapu unapokutana na hab, ili urudishapo tairi lisimame karibu na pembe yake ya awali. Kisha toa zile bolti mbili, spana 17 au 19 kulingana na gari. Kabla ya kuzitoa kabisa, ishike hab kwa jeki ndogo au ifunge kwa kamba. Hab ikiachwa ining'inie, inauvuta mpira wa breki, na ikiangukia nje inaweza kuivuta shafti ya tairi hadi sivijointi (kiungo cha shafti) ya ndani iachie kwenye kiti chake. Mwisho, fungua nati tatu za juu chini ya boneti, ya tatu ukiwa umeshika shokapu kwa mkono. Nati ya katikati usiiguse bado. Kosa la kuifungua hiyo kwanza ndilo linaloumiza watu.

Shokapu ikiwa chini, iweke kwenye jiliwa au uilaze sakafuni. Klampu mbili zikae mkabala, kila moja ikamate mizunguko mingi iwezekanavyo, na zote zishike sehemu nzima ya springi, mbali na ilipovunjika. Skrubu zipakwe grisi. Kaza klampu ya kwanza mizunguko miwili, ya pili mizunguko miwili, rudi kwenye ya kwanza. Ukikaza moja hadi mwisho springi inapinda na klampu inatambaa. Usitumie bunduki ya upepo hapa. Springi ikianza kucheza ndani ya kikombe, imetosha, usiendelee kuibana. Uso na kifua viwe pembeni, kamwe si mbele ya mauntini. Sasa ndipo ufungue nati ya katikati, ukiishika fimbo ya shokapu kwa juu, pale ilipotengenezewa kushikwa. Anayeishika fimbo ile kwa plaizi chini ya nati anaikwaruza, na mkwaruzo ule unakata sili. Shokapu itaanza kuvuja ndani ya muda mfupi, kisha lawama inakwenda kwa muuza spea.

Ukishaitenganisha, usikimbilie kurudisha. Isukume fimbo ya shokapu hadi chini na uivute: ukinzani uwe ule ule njia nzima, bila sehemu legelege. Kama imeloa mafuta au fimbo ina vidoa vya kutu, haitamaliza mwaka na springi mpya. Angalia raba ya ndani inayozuia shokapu kugonga, maana magari mengi ya umri huu imebaki unga. Bila raba ile, gari likizama kwenye shimo mizunguko ya springi inakutana chuma kwa chuma. Zungusha beringi ya mauntini kwa mkono, isikwaruze wala kukwama. Raba ya kukalia springi chini nayo ibadilishwe, ndiyo inayokinga rangi dhidi ya mchanga. Osha kikombe, zibua kitundu chake cha kutolea maji. Wengi wanakiacha kimejaa udongo, na springi mpya inakaa ndani ya tope lilelile lililoua ya zamani.

Kurudisha, ncha ya chini ya springi iegemee kituo chake kwenye kikombe. Kikombe cha juu mara nyingi kina alama ya upande unaotazama nje ya gari, nayo iheshimiwe. Nati ya katikati iwe mpya, kwa kuwa hizi ni nati za kujikaza na zimetengenezwa kutumika mara moja. Legeza klampu kwa zamu kama ulivyozikaza, huku ukiangalia ncha isihame. Bolti zote zianze kwa vidole kabla ya spana. Zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu kufuata kitabu cha gari husika. Nati za tairi kwa magari madogo ya Toyota ni nyutoni mita 103, zikikazwa kwa kuvuka, si kwa kuzunguka. Baada ya kilomita kama 100 zikaguliwe tena.

Kisha upande wa pili. Springi hubadilishwa zote mbili za ekseli moja, hata kama moja inaonekana nzima. Ile nzima imepita njia ileile, imekula kutu ileile, na imeshalegea kidogo. Ukiweka mpya upande mmoja gari litasimama mshazari na breki zitavuta. Baada ya hapo ni alaimenti, kunyoosha pembe za tairi. Fundi aliyezoea, mwenye vifaa vyake, anamaliza pande mbili kwa saa 2 hadi 3. Kwenye baadhi ya magari springi ya nyuma imekaa peke yake, mbali na shokapu, na kazi ni rahisi zaidi: unashusha ekseli kwa jeki taratibu hadi springi ilegee, ukichunga mipira ya breki isivutike.

Suala la spea linahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapo ndipo pesa zinapotea. Springi za gari lenye jina moja hazifanani. Ya injini kubwa si ya injini ndogo, ya gari la kuvuta tairi nne si ya la tairi mbili, na kwa baadhi ya magari ya kulia si ya kushoto. Njia ya uhakika ni namba ya chesisi: muuzaji mzuri anaitumia kupata namba ya spea. Springi za kiwandani pia huwa na madoa ya rangi kwenye waya, na yale madoa ndiyo utambulisho wake, yalinganishe na ya zamani kabla hujaitupa. Yasipokuwepo, pima vitu vinne: unene wa waya kwa kalipa, kipenyo cha mzunguko, idadi ya mizunguko na urefu wake ikiwa huru. Unene usiukadirie kwa macho. Ugumu wa springi unapanda kwa unene uliozidishwa wenyewe mara nne, kwa hiyo waya wa milimita 13 badala ya 12, mambo mengine yakiwa sawa, ni springi ngumu zaidi kwa karibu asilimia 38. Mteja anasema gari limekuwa gumu kama mkokoteni, fundi anabadilisha shokapu, na kosa liko kwenye milimita moja.

Springi za mtumba si dhambi. Kwa wengi wetu ndizo zinazowezekana, na ukipata shokapu kamili ya mtumba yenye springi na mauntini yake, kazi inakuwa ya kufungua na kufunga bila klampu. Lakini chagua kwa macho na kwa mkono. Springi yenye rangi nyeusi mpya inayong'aa kwenye rafu ya vitu vya zamani imefichwa kitu. Omba kuikwangua kwa kisu kwenye mzunguko wa chini, ambako kutu hupenda kukaa. Ukikuta vishimo, iache. Ukikuta rangi ya zamani imekamata vizuri na madoa ya utambulisho bado yapo, hiyo ni bora kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka. Wauzaji wa Kariakoo na Ilala wanaoruhusu mteja kukwangua na kupima wanastahili kupewa biashara, na wauze kwa jozi iliyotoka gari moja.

Kuna desturi mbili za kunyanyua gari ambazo huchanganywa, na hazina uzito sawa. Spesa inayowekwa juu ya mauntini hainyimi springi kazi yake. Inaongeza urefu tu, ingawa inabadilisha pembe ya shafti na boljointi, kwa hiyo ikizidi milimita 30 utalipa kwenye buti (raba za kufunika viungo vya shafti) na sivijointi. Raba inayobanwa katikati ya mizunguko ni jambo jingine. Inaifungia mizunguko miwili isifanye kazi, na mzigo wote unahamia kwa iliyobaki. Chini ya raba maji na mchanga hukaa, rangi inasagika, na springi inakatikia pale pale. Kuikata springi ili gari lishuke nako hakuilainishi: yenye mizunguko 5.5 inayofanya kazi, ukiiondolea mmoja, inakuwa ngumu zaidi kwa karibu asilimia 22, na ncha uliyoikata kwa grainda haikai tena kwenye kituo.

Namwomba mwenye gari aombe springi yake ya zamani mkononi baada ya kazi, aone kama imebadilishwa kweli. Namwomba mwenye gereji anunue klampu kabla ya kununua bango, na kama hana, azikodi kwa jirani au amwelekeze mteja kwingine. Walimu wa VETA wanaofundisha ufundi magari waoneshe darasani kipande cha springi iliyochomelewa na kukatika pembeni ya mshono. Kijana akikishika mara moja hahitaji kuelezwa sana. Na askari wa usalama barabarani, wakati wa ukaguzi wa magari katika Wiki ya Nenda kwa Usalama, wasiishie kwenye taa, honi na kina cha tairi. Usukani uzungushwe hadi mwisho, tochi ielekezwe nyuma ya tairi la mbele, ncha ya chini ya springi itafutwe. Ni dakika mbili kwa gari. Panapoonekana mshono wa welding kwenye waya wa springi, stika isitolewe hadi springi zote mbili zibadilishwe.

Fundi magari,
Tabata, Dar es Salaam